Mashine ya vijiji vitatu na chuo cha serikali kumi

Ndugu wanachama, tuseme vijiji vitatu kandokando ya Fungurume vimechanga pesa na kununua mashine moja ya kusaga mahindi. Mwaka wa kwanza, furaha. Mwaka wa pili kijiji kimoja kinaanza kugomba: mashine iko kwa wale, faida wanakula wale, sisi tunapanga foleni tu. Mutafanya nini? Mutaikata vipande vitatu?

Kuna serikali zilizopita njia hiyo. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na mali ya pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki: reli, bandari, posta, ndege. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na mkataba wa kugawana mali na madeni ulipatikana mwaka 1984. Miaka saba! Shirika la ndege la pamoja lilikufa, kila nchi ikabaki na lake.

Lakini kule Arusha, Tanzania, kulikuwa na chuo cha kufundisha usimamizi, kilichoanza 1974 chini ya Jumuiya ileile. Hicho hakikufa. Mwaka 1980 kilifunguliwa kwa nchi zingine na kuitwa ESAMI. Leo ni mali ya serikali kumi: Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Namibia, Eswatini, Shelisheli, na Zambia, jirani yetu wa Kasumbalesa. Kongo haimo.

Angalieni namna kinavyoendeshwa. Wenye mali wanakaa katika baraza. Mkurugenzi na walimu wanafanya kazi ya kila siku. Na mafunzo yanalipiwa: anayetuma mfanyakazi wake kusoma, analipa.

Hapo kwenye kulipa ndipo sisi tunaanguka. Prezida wa koperative anasaga bure, shemeji yake anasaga bure, halafu siku mkanda unakatika, kesi haina hata franga ya mazuti. Prezida akileta ndoo yake ya mahindi, alipe sawa na mama mwingine yeyote. Kama ni faida anataka, angoje mkutano mkuu ugawanye.

Sheria iko upande wetu. Kongo imo katika OHADA tangu 2012, na sheria yake ya koperative inasema mwanachama mmoja, sauti moja, hata kama mwenzake amechanga mara kumi. Tena wanaosimamia si wale wanaokagua. Kwa hiyo musimpe mtu mmoja ufunguo wa mashine, kaye ya hesabu na kesi. Hata akiwa pasta.

Jambo moja ambalo watu wanaona haya kulisema siku ya kuchanga: kijiji kikitaka kutoka, kinatoka na nini? Pesa yake yote, au kwa bei ya mashine iliyochakaa? Inalipwa kwa muda gani? Ulizeni siku ileile, wakati kila mtu bado anacheka, na muandike jibu kwenye statuti.