Kinywa cha Mtoto Si Sauti Yake: Somo kutoka Kisugu



Somo letu la safari hii linatupeleka Kisugu, parishi iliyo katika Tarafa ya Makindye, mojawapo ya tarafa tano za jiji la Kampala. Msomaji wa Busia, Mutukula au Mpondwe aweza kuuliza: Kisugu ni mbali na mpaka, ina funzo gani kwetu? Jibu letu ni kwamba mpaka hauishii penye kizuizi cha barabara. Familia nyingi zilizokimbia vita vya mashariki ya Kongo, zikavuka Bunagana au Mpondwe, hazikubaki katika makazi ya wakimbizi. Ziliendelea hadi Kampala kutafuta riziki, na baadhi yake zinaishi Makindye pamoja na wenyeji. Yanayowapata watoto wa huko ndiyo yanayowapata watoto wa mpakani, ambao nao huishi baina ya lugha mbili na serikali mbili.

Tuanze na mfano. Hatumtaji mtu wala ofisi, kwa kuwa ni jambo la kila siku na kila mmoja wetu atalitambua. Mama ametoka Bukavu. Anajua Kiswahili, lakini hajui Kiganda wala Kiingereza. Anaugua, naye anakwenda kwenye kituo cha afya pamoja na mwanawe wa miaka 11, ambaye kwa kukaa shuleni mwaka mmoja amekwisha kukijua Kiganda. Tabibu anauliza, mtoto anafasiri. Mama anajibu, mtoto anafasiri. Juma linalofuata mama huyo anakwenda kituo cha polisi kueleza kwamba amepigwa nyumbani. Mtoto ni yule yule na kazi ni ile ile: askari anauliza, mtoto anafasiri.

Katika siku hizo mbili mtoto huyo amesema maneno mengi kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwamo chumbani. Hata hivyo, hakuna aliyemwuliza kama yeye mwenyewe ni mzima, kama alikuwapo wakati wa kipigo, au kama anaogopa kurudi nyumbani usiku huo. Kinywa chake kimetumika, lakini sauti yake haijasikika. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo somo letu.

Sheria yasemaje?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989, na Uganda iliuridhia mwaka 1990. Ibara ya 12 ya mkataba huo inasema kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika kila jambo linalomhusu, na kwamba maoni hayo yapewe uzito kwa kadiri ya umri wake na upevu wake. Inaongeza kwamba apewe nafasi ya kusikilizwa katika mashauri ya mahakama na ya ofisi za serikali yanayomgusa. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika maelezo yake ya mwaka 2009, ilifafanua kwamba haki hii haina umri wa kuanzia. Hata mtoto mdogo asiyeweza kupanga sentensi huonyesha anachokipenda na anachokiogopa kwa uso, kwa mchezo na kwa michoro.

Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyoanza kutumika mwaka 1997 na kurekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwenye kuamua jambo la mtoto azingatie matakwa na hisia za mtoto huyo kwa kadiri ya umri na ufahamu wake. Kwetu sisi polisi, sheria hiyo inaweka masharti yaliyo wazi. Mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Mtoto anayehojiwa awe pamoja na mzazi au mlezi wake. Na ikiwa kuwapo kwa mzazi kutamdhuru, awepo ofisa wa ustawi wa jamii au mtu mwingine aliyeidhinishwa. Asifungiwe pamoja na watu wazima, wala asizuiliwe polisi zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani. Katika kila kijiji, makamu mwenyekiti wa baraza la LC 1 ndiye katibu wa ustawi wa watoto. Ni vema kila mzazi ajue nyumba yake ilipo.

Jirani zetu wa upande wa pili wa Mutukula nao wanayo Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, ambayo inakataza mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni asinyimwe nafasi ya kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Hivyo mtoto avukapo mpaka haiachi haki hii nyuma yake.

Kwa nini watu wazima peke yao hawatoshi?

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watu wazima hupanga mambo ya shule ambazo hawasomi tena na ya njia ambazo hawazipiti saa zile ambazo watoto huzipita.

Tuchukue mfano wa doria. Tukiitisha mkutano wa kijiji na kuuliza askari wapite wapi na saa ngapi, wenye nyumba watataja usiku wa manane na maduka, maana hapo ndipo mali yao huibiwa. Mtoto akiulizwa, huenda akataja saa kumi na mbili asubuhi, wakati kungali na giza na yeye yuko njiani kwenda shule. Huenda akataja saa moja ya jioni kwenye foleni ya maji, au kipande cha njia kando ya reli ambako wanaume hukaa wakiita wasichana. Hakuna upande uliosema uongo. Lakini doria iliyopangwa kwa maneno ya wenye nyumba pekee italinda makufuli na kuwaacha watoto gizani.

Huduma ya afya ni vivyo hivyo. Kisugu ina kituo cha afya cha umma cha daraja la tatu, kilicho chini ya Mamlaka ya Jiji la Kampala. Kituo chochote cha namna hiyo, mjini au mpakani, kinaweza kuwa na dawa na wahudumu hodari, na bado msichana wa miaka 15 asikiingie. Pengine saa za kliniki ni saa za masomo. Pengine benchi la kungojea liko mahali ambapo jirani wa mama yake atamwona. Daftari za kituo huandika waliokuja. Sababu za wasiokuja ziko kwa watoto wenyewe, na njia ya kuzijua ni kuwauliza.

Hatua tano za kumsikiliza mtoto

Kamati tuliyoitaja imeeleza hatua tano. Tunaziweka hapa kwa namna inayofaa kituo cha polisi, shule, zahanati au baraza la kijiji.

1. *Kumwandaa.* Mtoto aelezwe kwanza ni jambo gani linaamuliwa, nani ataamua, na maneno yake yatatumikaje. Aambiwe pia kwamba ana ruhusa ya kunyamaza. Kusikilizwa ni haki yake, wala si amri juu yake.

2. *Kumsikiliza.* Mahali pawe pa faragha na pa utulivu, na mwulizaji akae, asisimame juu yake. Maswali yawe wazi: "Nieleze njia yako ya kwenda shule" ni bora kuliko "Kuna mtu anakusumbua njiani, sivyo?" Swali la pili limekwisha kubeba jibu.

3. *Kupima uwezo wake.* Tujiulize anaelewa kiasi gani, tukimtazama yeye na si umri wake tu. Mtoto wa miaka 9 aliyevuka mpaka kwa miguu aweza kuyafahamu mambo ya usalama kuliko kijana wa miaka 16.

4. *Kumrudishia jibu.* Hii ndiyo hatua inayosahauliwa kuliko zote. Mtoto aambiwe ni lipi katika maneno yake limekubaliwa, lipi limeshindikana, na kwa sababu gani. Aliyeulizwa mara moja na asirudishiwe jibu, mara ya pili atasema "sijui", nasi tutamwita mkaidi.

5. *Kumpa njia ya kulalamika.* Ikiwa hakusikilizwa, ajue aende kwa nani: Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia katika kituo cha polisi, katibu wa ustawi wa watoto kijijini, au simu ya bure 116, ambayo nchini Uganda hujulikana kwa jina la Sauti. Kenya na Tanzania nazo hutumia namba hiyo hiyo 116 kwa ajili ya watoto.

Lugha, sare na mkalimani

Mageuzi ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo wananchi wengi walikijua kama lugha ya kambi za askari. Kwa mtoto wa Kikongo, Kiswahili ni lugha ya mama. Kwa mtoto wa Kiganda aliye jirani yake, sentensi ile ile ikitoka kwa mtu mwenye sare yaweza kusikika kama amri. Kwa hiyo askari aanze kwa kumwuliza mtoto anapenda kuzungumza kwa lugha gani.

Kuhusu mkalimani, tunasema bila kuficha: mtoto asifanywe mkalimani wa mashtaka ya mzazi wake. Kumlazimisha atamke jinsi mama yake alivyopigwa ni kumpiga yeye mara ya pili. Atafutwe mtu mzima anayeijua lugha, anayetunza siri, na asiye na uhusiano na mshtakiwa. Mtoto apumzike kando, kisha yeye mwenyewe aulizwe habari zake.

Mambo mawili ya kujihadhari

La kwanza, kumsikiliza mtoto si kumfanya mpelelezi. Watoto wa mpakani huzijua njia za panya, hujua mizigo ipitayo usiku na wenye mizigo hiyo. Askari anayempa mtoto peremende ili ataje majina amemhatarisha mtoto huyo na jamaa zake, na ameharibu imani ya watoto wote wa kijiji. Tuwaulize kuhusu usalama wao na huduma wanazopata. Wakitaja kwa hiari yao jambo la hatari, tulilinde jina lao kuliko tunavyolilinda jalada.

La pili, tusiwafanye mapambo. Kila tarehe 16 Juni, tangu mwaka 1991, tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Watoto huimba na kughani mashairi waliyoandikiwa na walimu, nasi wakubwa tunapiga makofi na kwenda zetu. Tukumbuke asili ya siku hiyo. Mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kulazimishwa kufundishwa kwa Kiafrikana. Yaani walikuwa na maoni juu ya huduma waliyokuwa wakipewa, na waliyasema. Waliowajibu walikuwa polisi, na waliwajibu kwa risasi. Sisi tuvaao sare tunapoiadhimisha siku hiyo tuna deni la pekee: kuonyesha kwamba polisi wa Afrika anaweza kumjibu mtoto kwa namna nyingine.

Neno la wazee

Wako wazee wanaohofu kwamba mtoto akizoea kuulizwa atapoteza adabu. Tunaiheshimu hofu hiyo, lakini tuitazame vizuri. Kumsikiliza mtoto hakumpi mamlaka ya mzazi. Uamuzi hubaki mikononi mwa watu wazima, nao ndio watakaouwajibikia. Mtoto asiyetaka chanjo atachanjwa. Ila aelezwe sababu, na mwenye kumchanja ajue anachokiogopa. Adabu ni kusema kwa heshima, na haiwezekani kumfundisha mtoto kusema kwa heshima kwa kumzuia asiseme. Tena wazee wenyewe wanajua kwamba madhara mengi yaliyowapata watoto yalidumu miaka kadha kwa sababu mkosaji alikuwa mtu mzima mwenye kuaminiwa, na mtoto alikuwa amefundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa.

Maswali ya kujadiliana barazani

1. Katika kijiji chetu, ni uamuzi gani uliofanywa mwaka huu juu ya shule, maji, afya au usalama? Je, kuna mtoto aliyeulizwa?
2. Watoto wanaovuka mpaka kwenda shule au sokoni hupita wapi, saa ngapi, na huogopa nini? Nani amekwisha kuwauliza?
3. Mtu mzima gani kati yetu aweza kuwa mkalimani, ili mtoto asibebeshwe maneno ya wakubwa?
4. Ni watoto gani hawajawahi kusikika kabisa: mlemavu, yaya, mchunga ng'ombe, mgeni asiyejua lugha?

Tunawaomba wenyeviti wa vijiji, walimu na viongozi wa dini wawapatie watoto kikao chao kabla ya kikao cha wakubwa, kisha yaliyosemwa huko yasomwe kwanza. Nasi katika vituo vyetu tunawajibika vivyo hivyo. Mtoto aingiapo mlangoni akishikana mkono na mama yake, tumpe kiti chake mwenyewe. Na mama akimaliza kueleza habari zake, tumgeukie mtoto na kumwuliza: "Na wewe, mwanangu, una neno gani?" Kisha tungoje jibu.