Baiskeli Katika Mji wa Dhahabu: Mwongozo wa Safari Salama Nyarugusu

Kabla makarasha hayajaanza kusaga mawe, njia za Nyarugusu huwa zimekwisha kujaa watu. Wachimbaji wanaelekea maduarani, yaani kwenye mashimo ya kuchimba dhahabu, akina mama wanafuata maji na soko, watoto wanawahi shule, na wauza chai na maandazi wanawawahi wateja wao machimboni. Wengi wanakwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Lakini barabara inapojadiliwa, anayefikiriwa kwanza ni mwenye gari. Makala haya yanaanza na hao wengi: namna ya kuchagua baiskeli, kuitunza, kuipakia na kuiendesha salama, kisha namna ya kudai barabara inayomjali kila mtu.

Nyarugusu tunayoizungumzia ni kata ya wachimbaji wadogo katika Halmashauri ya Wilaya ya Geita, jimbo la Busanda. Si kambi ya wakimbizi yenye jina hilo iliyoko Kasulu, Kigoma. Yaliyomo yanamfaa vilevile mkazi wa Rwamagasa, Katoro, Kakola, Kahama, na Shinyanga, ambako baiskeli za abiria zimezoeleka hadi zikaitwa daladala.

Faida yake iko wapi?

Mtu mzima hutembea karibu kilometa 5 kwa saa. Kwa baiskeli, hata kwenye barabara ya changarawe, anaweza kwenda kilometa 12 na zaidi. Duara lililo umbali wa kilometa 6 ni safari ya saa moja na zaidi kwa miguu, lakini kwa baiskeli ni kama nusu saa. Kibarua anayelipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe hajui kesho mawe yatatoa nini. Nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi huilipa hata siku ambayo mwamba haukutoa kitu. Akiwa na baiskeli, fedha hiyo inabaki nyumbani.

Afya nayo inanufaika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayeendesha nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, siku tano kwa wiki, amevuka kiwango hicho bila kutenga muda wa ziada. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani, ukiitambua baiskeli kuwa chombo cha bei nafuu na kisichochafua mazingira.

Kuchagua baiskeli

Kwa njia zetu za changarawe na tope, fremu nzito ya chuma ya aina ya Phoenix bado ni chaguo zuri. Inahimili mzigo, vipuri vyake vinapatikana, na fundi wa kijijini anaijua. Baiskeli ya gia ya mtumba ni nyepesi na inafaa kwenye lami, ila vumbi na tope huchakaza gia zake haraka, na kifaa kikivunjika huenda ukalazimika kukifuata mbali.

Kabla ya kulipa, fanya haya:

- Kagua viungio vya fremu, hasa chini ya usukani na penye pedali. Ufa au alama mpya ya kuchomelea ni dalili ya fremu iliyowahi kuvunjika.
- Inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba, ringi imepinda au spoku zimelegea.
- Kaa juu ya kiti na uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Goti linapaswa kukaribia kunyooka. Kiti cha chini mno huchosha na kuumiza magoti.
- Andika namba ya fremu, na udai risiti. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Baiskeli ikiibwa, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea polisi, na itakulinda usishikwe na mali ya wizi.

Ukaguzi wa kila asubuhi

Dakika mbili zinatosha. Bonyeza tairi kwa kidole gumba: likibonyea kirahisi, jaza upepo, kwa sababu tairi legevu hupata pancha upesi na kuharibu ringi. Bana breki zote mbili huku ukisukuma baiskeli mbele. Magurudumu yakiendelea kuzunguka, usipande. Tazama kama kuna spoku iliyokatika, na kama kengele inalia.

Cheni inahitaji uangalifu zaidi mahali penye vumbi la mawe. Ifute kwanza kwa kitambaa kikavu, tia tone la mafuta kwenye kila kiungo, zungusha pedali, kisha ufute mafuta yaliyobaki juu. Cheni iliyolowa mafuta hukusanya mchanga, na mchanga huo hula meno. Tembea na pampu, kipande cha msasa, solusheni na viraka. Unapoziba pancha, sugua tyubu kwa msasa, paka solusheni na uiache ikauke kidogo kabla ya kubandika. Kiraka kilichobandikwa kwenye gundi mbichi hubanduka njiani.

Mzigo, abiria na mtoto

Mzigo mzito ukae chini na katikati. Madumu mawili ya maji, moja kila upande wa keria, ni salama kuliko gunia moja lililosimama juu. Funga kwa mipira iliyokaza, na hakikisha hakuna ncha inayoning'inia kuelekea kwenye spoku. Ukiona gurudumu la mbele linanyanyuka au usukani unachezacheza, umezidisha. Punguza, au shuka usukume. Mteremkoni na mzigo, anza kubana breki mapema, ya nyuma kwanza. Kukamata breki ya mbele ghafla kwenye changarawe humwangusha mwendeshaji.

Ajali ya mtoto kuingiza mguu kwenye spoku hutokea haraka, na jeraha lake huwa baya. Inazuilika kwa gharama ndogo: mwambie fundi afunge vikanyagio vya miguu na wavu au bati jepesi pembeni mwa gurudumu la nyuma. Wavu huohuo huzuia kanga na sketi kunaswa. Dereva wa daladala ya baiskeli anayemjali abiria wake awe nao, awe na kiti chenye sifongo, na akatae kupakia wawili.

Familia yenye baiskeli moja ijiulize nani anaitumia. Mara nyingi baba huondoka nayo asubuhi, na mama anabeba ndoo kichwani au anamfikisha mtoto mgonjwa zahanati kwa miguu. Pangeni zamu kwa kuangalia uzito wa kazi, na mfundishe binti kuendesha kama mnavyomfundisha kijana wa kiume.

Barabarani pamoja na malori

Mwendesha baiskeli hukaa kushoto na kwenda uelekeo uleule wa magari. Anayetembea kwa miguu pasipo na njia ya pembeni hukaa kulia, ili ayaone magari yanayomjia. Watu wengi huchanganya kanuni hizi mbili.

Lori lililobeba mawe lina sehemu kubwa pembeni na nyuma ambazo dereva hazioni. Usijibanze ubavuni mwake kwenye kona au makutano, na usishike bodi lake likuvute mlimani. Likikupita na kufunika njia kwa vumbi, usogee pembeni usimame hadi uone mbele, kwa sababu nyuma yake huenda kuna jingine. Kabla ya kukata kona, tazama nyuma, kisha nyoosha mkono upande unaokwenda.

Madereva wa malori, magari na bodaboda nao wana wajibu. Katika maeneo ya makazi kikomo cha mwendo ni kilometa 50 kwa saa, na penye watoto na wauza matunda busara inataka chini ya hapo. WHO inaeleza kuwa mtu anayegongwa na gari likiwa kwenye mwendo wa 65 yuko katika hatari ya kufa mara 4.5 zaidi kuliko akigongwa likiwa kwenye 50. Tofauti hiyo ya mwendo haimwahishi dereva sana, lakini inaweza kuondoa uhai wa mtu.

Usiku, mvua na maduara yaliyoachwa

Mchimbaji anayetoka zamu usiku tayari ana tochi ya kichwani. Aiwashe njiani, aielekeze chini kidogo isimpofushe anayekuja, na nyuma ya baiskeli aweke taa nyekundu au reflekta. Vazi la reflekta la kazini livaliwe hadi nyumbani. Kofia ngumu ya mgodini imetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyodondoka kutoka juu. Ukianguka na baiskeli inaweza kuchomoka. Ukiweza, pata helmeti ya baiskeli yenye mkanda wa kidevuni.

Hatari nyingine kubwa huku kwetu ni maduara yaliyoachwa wazi kando ya njia. Wakati wa mvua hujaa maji yakaonekana kama madimbwi ya kawaida, na kingo zake huporomoka. Usikate njia ya mkato usiyoijua wakati wa giza, na dimbwi usilolijua lizunguke. Duara lililo wazi karibu na njia liripotiwe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa Afisa Madini Mkazi, ili lizungushiwe uzio au lifukiwe.

Usibebe sumu pamoja na unga

Katika mji wa dhahabu, keria ileile inaweza kubeba mfuko wa mawe asubuhi na unga wa familia jioni. Vumbi la mawe yaliyosagwa huumiza mapafu, na mchanga uliochenjuliwa unaweza kuwa na zebaki. Tenga mfuko au boksi la chakula lisilotumika kwa kazi nyingine. Pangusa keria kwa kitambaa chenye maji, na usiitikise ikiwa kavu. Zebaki na kemikali za uchenjuaji zisisafirishwe kwa baiskeli yenye abiria, wala zisilazwe nyumbani.

Ukigongwa

Uhai kwanza: majeruhi apelekwe kituo cha afya. Wakati huohuo mtu mmoja aandike namba ya chombo kilichogonga na apate mashahidi wawili au zaidi. Toa taarifa polisi (unaweza kupiga 112), na uchukue fomu ya PF3.

Sheria inamtaka mwenye chombo cha moto awe na angalau bima ya mtu wa tatu. Mwendesha baiskeli aliyegongwa ndiye huyo mtu wa tatu, kwa hiyo ana haki ya kudai fidia. Waliogongwa wengi hupokea hela kidogo ya dawa na kuyamaliza palepale, kisha mguu unakuja kuoza wakiwa hawana ushahidi wowote. Usikubali kuyamaliza kabla daktari hajakupima.

Kudai barabara yenye haki

Ripoti ya WHO ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye pikipiki. Mwendeshaji mwangalifu bado anaweza kuuawa na barabara iliyojengwa bila kumfikiria. Kwa hiyo, sehemu ya usalama wetu inaamuliwa kwenye vikao.

Ushahidi wa kinachowezekana upo hapahapa nchini. Dar es Salaam, mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kutoa huduma mwaka 2016 ulijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, na mwaka 2018 jiji hilo likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya kimataifa. Katika jiji hilohilo, shirika la Amend lilianzisha mradi wa SARSAI wa kukagua barabara zinazopita shuleni, kisha kuweka matuta, vivuko, njia za pembeni na nguzo za kuzuia magari. Mwaka 2019 ukashinda tuzo ya WRI Ross Prize for Cities. Hakuna kitu katika orodha hiyo ambacho kata kama Nyarugusu haiwezi kukimudu.

Fedha tunaweza kuzitafuta katika milango mitatu. Kwanza, kampuni za madini hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kutokana na mauzo yao, na wananchi wana haki ya kuuliza unatumikaje. Pili, tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, mwenye leseni ya madini anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Njia ya pembeni ya kwenda shule au zahanati inaweza kuwekwa humo, kama yanavyowekwa madarasa. Tatu, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mtaji wa karakana ya baiskeli au wa baiskeli za mizigo.

Mahali pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nendeni na ombi lililoandikwa, lenye mahali mahususi: tuta mbele ya shule fulani, kivuko penye gulio, kalavati lenye upana wa kumpisha mwenye baiskeli, uzio kwenye duara fulani. Hakikisheni linaingia kwenye muhtasari, kisha mfuatilieni diwani alifikishe kwenye kamati ya maendeleo ya kata na halmashauri. Barabara za mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Ukijua barabara yako ni ya nani, hutazungushwa ofisi kwa ofisi.

Dhahabu ya Geita imekuwa ikitoka ardhini kwa vizazi, na wanaoichimba kwa mikono wanastahili kufika kazini na kurudi nyumbani wakiwa wazima. Kagua breki zako kesho asubuhi, na mkutano ujao wa kijiji ukiitishwa, uwepo na useme.