SOMO: Eliya Alilala Kwanza

Maandiko: 1 Wafalme 18:46 na sura ya 19



Siku tulipovuka Ziwa Tanganyika na kushuka Kigoma, hakuna aliyetupa jembe. Tulipewa uji, blanketi na mahali pa kulala. Lakini mama anayekimbia kipigo cha mume hapa hapa kambini ni mkimbizi mara ya pili, nasi mara nyingi tunampokea kwa maswali. Wengine wetu wazee wa kanisa tumewahi kumwambia arudi akavumilie. Tulikosea, na tunatubu.

Tumwangalie Eliya. Alikimbia mbio mpaka Yezreeli, kisha Yezebeli akaapa kumwua. Akakimbia tena hadi Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu akiomba kufa. Mungu hakumkemea, wala hakumrudisha kwa Yezebeli. Alimwacha alale. Malaika akampa mkate na maji. Akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala. Ndipo akapata nguvu za safari ya siku 40 mpaka Horebu. Huko ndiko Mungu alikomwuliza swali, akampa kazi, na Elisha wa kumtumikia.

Tunajifunza nini?

1. Kupumzika si uvivu wala si pepo. Hofu huchosha mwili kama jembe. Mama anayeshtuka usiku kucha kwa kila sauti ya mlango, mchana atapata wapi nguvu? Kama usingizi umemkataa kabisa au maumivu hayaishi, tumsindikize zahanati.

2. Kazi nayo ni dawa, lakini ina kipimo. Wapo wanaotoka kwenye kuni wakaenda kwenye maji, kisha kwaya, kwa sababu wakikaa mawazo yanakuja. Dada, chagua kazi moja nzito kwa siku. Ukiimaliza, kaa, kula, nyosha miguu. Siku mwili ukikataa, fagia mlangoni tu, ota jua, kesho ujaribu tena. Siku ukisikia nguvu, usizimalize zote; bakiza za kesho.

3. Malaika alileta mkate na maji. Mama mwenye watoto hapati pumziko kwa kuombewa tu. Mmoja achote maji, mwingine akae na watoto, mwingine asimame naye kwenye foleni ya mgao. Akina mama walale naye siku za kwanza. Tena hakuna pumziko pale mpigaji anapojua mlango. Akikubali, twende naye kwa wanaohusika na ulinzi. Na siri yake isifike bombani.

Maswali ya kujadili nyumbani:
- Ni nani katika mtaa wetu anayehitaji kulala kabla ya kuulizwa?
- Wiki hii tutampunguzia mzigo gani?

Bwana awape pumziko.

Ni sisi wachungaji wenu.