Kupima Betri Kabla ya Kuinunua



Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe ni zaidi ya kilomita 40. Ukirudi kutoka huko na betri mbovu ya sola, nauli imepotea, fedha ya betri imepotea, na kazi ya kunyoa au ya kuchaji simu inalala. Na huenda muuzaji hakukudanganya. Aliweka mita kwenye betri, ikaonyesha volti 12.6, nawe ukaridhika. Lakini betri iliyochoka, ikiwa imepumzika, inaweza kuonyesha volti hizo hizo.

Kinachozitofautisha ni ukinzani wa ndani. Umeme wa betri hupita katika bamba za risasi na maji ya asidi. Betri ikizeeka, hasa ikiachwa muda mrefu bila chaji, bamba hufunikwa na ukoko mgumu wa salfeti, na umeme hupita kwa shida. Shida hiyo haionekani mpaka betri ipewe mzigo.

Basi nenda na mita yako na balbu ya taa kubwa ya gari, ya wati 55, ambayo hula ampea 4.5 hivi. Betri iwe imechajiwa ikajaa, kisha imepumzika saa chache. Sugua vichwa vyake. Pima volti. Washa balbu, ngoja sekunde 10, upime tena balbu ikiwaka, ncha za mita zikigusa vichwa vyenyewe na si waya. Tafuta tofauti, uigawe kwa 4.5. Volti zikishuka kutoka 12.6 hadi 12.5, ukinzani ni karibu omu 0.02. Zikishuka hadi 11.7 ni omu 0.2, karibu mara kumi zaidi. Betri kubwa ya namna hiyo iache, hata ikipunguzwa bei. (Betri ndogo ya pikipiki ilinganishe na ndogo mwenzake.)

Mafundi wengine wana chombo kinachopitisha umeme mdogo wa kwenda na kurudi, mara nyingi mara 1,000 kwa sekunde. Namba zake huwa ndogo kuliko za balbu; usizichanganye.

Wako wanaogusanisha waya ili waone cheche. Usifanye hivyo! Betri hutoa haidrojeni inapochajiwa, nayo ikilipuka hurusha asidi machoni.

Ukinzani mdogo bado hauonyeshi betri inatunza chaji kiasi gani. Muuzaji akikubali, acha balbu iwake saa nzima. Betri nzima ya ampea-saa 50 haitashuka chini ya volti 12.