Daktari wa Meno Naye Huchoka: Somo kwa Wanaosomea Taaluma

Kila Septemba chama chetu kinapokea wanafunzi wapya wa udaktari, meno, uuguzi, sheria na uhasibu, na kila mara ushauri ni uleule: soma kwa bidii, tafuta boksi la wikiendi, usisahau nyumbani. Kuna somo moja hatuwapi, nalo ni jinsi kazi yenyewe inavyoweza kummaliza mtu baada ya kupata shahada. Mimi nasomea meno, kwa hiyo nitatumia kazi ya meno hapa Uingereza kama mfano. Lakini mwalimu na mwanasheria nao watajiona humu.

Kwanza tuelewane maneno

Kwetu mtu akisema "nina mawazo", anaambiwa "pole, yatapita". Akizidi hapo, watu wanasema amechanganyikiwa. Katikati ya hayo mawili kuna eneo kubwa ambalo hatulizungumzii, na humo ndimo wataalamu wengi wanamoumia.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu watu waliokuwa wakihudumu katika kliniki ya bure New York, ambao walianza na moyo mkubwa kisha wakaishiwa nguvu kabisa. Baadaye Christina Maslach alitengeneza kipimo cha hali hiyo, kilichotoka 1981. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, ila linasema wazi kwamba ni hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuipuuza kazi, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana.

Sonona ni kitu kingine. Uchovu wa kazi unahusu kazi. Sonona inakufuata mpaka nyumbani, mpaka likizo, mpaka kwenye chakula na usingizi. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na sonona inahitaji tiba, si mapumziko tu.

Kwa nini meno?

Mwaka 1979 Robert Karasek alieleza jambo ambalo mimi naliona ndio kiini cha somo hili. Kazi nyingi peke yake si lazima imuumize mtu. Kinachoumiza zaidi ni kazi nyingi pamoja na kukosa usemi juu ya namna ya kuifanya. Utafiti wa Whitehall II, ulioanza 1985 kwa watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 London, ulionyesha kwamba kukosa usemi kazini kunahusiana hata na ugonjwa wa moyo.

Sasa mtazame daktari wa meno. Anainama siku nzima juu ya mdomo wa mtu, sehemu ndogo isiyosamehe mkono ukiteleza. Mgonjwa anaingia na hofu, wengine wanamwambia usoni, "Siwapendi watu wa meno." Halafu kuna saa. England, mkataba wa NHS ulioanza Aprili 2006 unalipa kwa yuniti. Kumchunguza mgonjwa ni yuniti 1. Kwa miaka 16, kuziba jino moja au meno sita kulihesabiwa yuniti zilezile 3. Novemba 2022 ndipo kazi kubwa zilipoongezewa. Chini ya mkataba huo, kliniki isipofikisha asilimia 96 ya lengo la mwaka hudaiwa fedha zirudi. Kwa hiyo daktari anajua mgonjwa huyu anahitaji muda, na anajua pia muda huo hauna malipo. Kazi ipo, usemi haupo.

Kimya

Kinachozidisha hatari ni hofu ya kusema. Mtaalamu anaogopa kwamba akikiri anaumwa, leseni itaondoka. Hofu hii si ya Uingereza tu. Marekani, Dr. Lorna Breen, mkuu wa idara ya dharura katika hospitali moja ya New York, alijiua Aprili 2020 wakati wa korona. Familia yake ilieleza kwamba aliogopa kupoteza leseni kwa sababu ya kutafuta msaada. Machi 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, ya kulinda afya ya akili ya wahudumu wa afya.

Sisi tuna mzigo wa ziada. Ukoo mzima umechanga, na mtaani unaitwa "daktari wetu" kabla hujamaliza mwaka wa pili. Nani atapiga simu Mwanza au Mombasa aseme hawezi kuamka kitandani? Basi tunasema "niko poa", tunakata simu.

Ya kufanya

1. Jipime kila mwezi kwa zile dalili tatu. Zikidumu wiki kadhaa, usisubiri mitihani iishe.

2. Ukienda usaili, uliza: nitaona wagonjwa wangapi kwa siku? Nani anapanga urefu wa miadi? Nikikwama, nani yupo chumba cha pili? Majibu hayo yana uzito kama mshahara.

3. Sema mapema. Mwanafunzi ana GP wake na kitengo cha ushauri cha chuo. Ukishasajiliwa, ipo Practitioner Health, huduma ya siri kwa madaktari na madaktari wa meno, iliyoanzia London 2008. Samaritans wanapokea simu bure saa 24, namba 116 123.

4. Mwenzako akikufungukia, usimhubirie wala usimwambie ajikaze. Msikilize. Ukiwa na wasiwasi naye, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitoa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Tafuteni msaada siku hiyo hiyo. Kama hatari ni ya sasa hivi, piga 999.

Tumekuja huku kuchukua taaluma na kurudi nayo, au kuitumia popote tutakapokuwa. Taaluma hiyo inahitaji mwenyewe awe mzima. Wiki hii mpigie mwenzako mmoja wa kozi ngumu, na akisema "niko poa", muulize tena.

Masomo mema.