Madaktari wawili, majeruhi mmoja: Mbona alama zitofautiane?

Msomaji, hebu tuchukue mfano huu. Mvua ya jioni imenyesha. Bodaboda inateleza kwenye mteremko karibu na Nyamira, na abiria, nyanya wa miaka 70, anaanguka na kugonga kichwa. Katika hospitali ya kwanza muuguzi anampima fahamu na kuandika 15. Anahamishiwa Kisii. Huko daktari anampima tena na kuandika 11.

Je, nyanya amezidiwa njiani, au ni wapimaji waliotofautiana? Swali hili si dogo. Ikiwa damu inavuja ndani ya fuvu, kuchelewa kidogo kunaweza kumuua.

Alama hutoka wapi?

Kipimo hicho kilitolewa mwaka wa 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett wa mji wa Glasgow, Uskoti. Huangalia mambo matatu: kufumbua macho (alama 1 hadi 4), usemi (1 hadi 5) na jinsi viungo vinavyotii amri (1 hadi 6). Mtu mwenye fahamu kamili hupata 15. Wa chini kabisa hupata 3. Anayepata 8 au chini ya hapo yumo hatarini.

Sasa rudi kwa nyanya wetu. Muuguzi wa kwanza alimsemesha kwa Ekegusii. Alijibu sawasawa na kuinua mkono alipoambiwa. Daktari wa pili alitumia Kiswahili na Kiingereza, lugha ambazo nyanya hazijui. Alipojibu kwa Ekegusii, daktari alidhani ni sauti tupu zisizo na maneno, akampa 2 badala ya 5 kwa usemi. Aliambiwa ainue mkono, hakuelewa. Alipofinywa alijaribu kuuondoa mkono wa daktari, akapewa 5 badala ya 6. Macho alipata 4. Jumla ni 11. Kilichobadilika ni lugha, wala si ubongo wa nyanya.

Kipimo cha jirani

Nchini Uganda, Olive Kobusingye na Ronald Lett walibuni Kipimo cha Kampala katika miaka ya 1990, kwa ajili ya hospitali zisizo na mitambo mingi. Hutazama umri, shinikizo la damu, pumzi, fahamu na idadi ya majeraha makubwa. Alama 14 hadi 16 ni nafuu, 11 hadi 13 ni wastani, na 10 kushuka ni hali mbaya.

Hapa pia watu huweza kutofautiana. Shinikizo la damu husomwa kwenye mashine, lakini jeraha "kubwa" ni lipi? Tuseme nyanya ana shinikizo, pumzi na fahamu za kawaida. Mpimaji akihesabu jeraha kubwa moja, anapata 14. Mwingine akihesabu mawili, anapata 13, na nyanya ameingia kundi jingine.

Hata jeshini

Wanajeshi wana tatizo hili pia. Jedwali la kupima majeraha lililotolewa Marekani mwaka wa 1971 lilitokana na ajali za magari. Majeraha ya bomu hayakutoshea humo vizuri, na ndiyo sababu toleo la 2005 lilitengenezewa nakala ya kijeshi.

Mwaka wa 1974 Susan Baker na wenzake walionyesha namna ya kujumlisha alama za jedwali hilo: chukua sehemu tatu za mwili zilizoumia zaidi, zidisha kila alama kwa yenyewe, kisha jumlisha. Alama 3, 2 na 1 zinaleta 14. Mpimaji mwingine akiandika 3, 2 na 2, inakuwa 17. Kwa kawaida anayezidi 15 huhesabiwa kuwa ameumia vibaya sana. Nukta moja imemvusha mpaka!

Dawa yake

Kwanza, majeruhi apimwe kwa lugha anayoielewa, hata kama ni kwa kumwita mkalimani. Pili, karatasi ionyeshe kila sehemu na saa ya kupima, si jumla pekee. "Macho 4, usemi 2, viungo 5" ingemwonyesha daktari mara moja pa kuuliza. Tatu, wahudumu wafanye mazoezi pamoja: wawili wampime mgonjwa mmoja, kila mmoja kivyake, kisha walinganishe majibu na kujadili walipoachana.

Nawe msomaji una wajibu. Ukimpeleka jamaa hospitalini, mweleze mhudumu anazungumza lugha gani, kama ana tatizo la kusikia, kama alikuwa amekunywa pombe, na jinsi alivyokuwa mara tu baada ya ajali. Ukiona anaanza kusinzia, kutapika au kuongea ovyo, usingoje kuulizwa. Sema.