Moteri inayolia juu hata ukitoa mguu: tufanye nini?

Ndugu wanachama, gari ya koperative ikizeeka inatuonyesha dalili zake. Moja ni hii: gari imesimama, haiko ndani ya gia, shofere ametoa mguu kwenye akseleratere, lakini moteri inaendelea kulia juu kama kuna mtu anaikanyaga. Mafundi wanasema: ralanti iko juu.

Wengine wanasema: si kitu, bora gari inatembea. Hapana. Kwanza, inakula esanse hata ikisimama, na esanse hiyo ni jasho la mahindi na viazi vyetu. Pili, inasukuma mbele wakati shofere anataka kupunguza mwendo. Kwenye mteremko kama ule wa Kabasha, na mizigo ndani, moteri haisaidii tena kuzuia gari. Freni peke yake inafanya kazi yote, inapata moto, na freni yenye moto haishiki vizuri.

Somo hili ni la gari ya esanse yenye karbiratere, kama Hilux nyingi za zamani.

Tusianze na visi

Watu wengi wanakimbilia turnevisi na kufungua visi ya ralanti. Ni kama kumpa mtoto wa malaria dawa ya homa tu: mwili unapoa, ugonjwa unabaki. Kesho asubuhi moteri itazimika-zimika, au italia juu tena. Visi ni ya mwisho.

Kabla ya kugusa

Weka gari nje, pahali pa tambarare. Moshi ndani ya depo iliyofungwa unaua bila kutoa alama. Vuta freni ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Sigara na moto mbali. Funga vizuri kikwembe au shati, ventilateri isivikamate. Acha moteri ipate moto kwa dakika kama 10, sababu moteri baridi kulia juu kidogo asubuhi ni kawaida.

Hatua 4, moja baada ya ingine

1. *Sitatere.* Ni kile kifungo tunachovuta asubuhi wakati wa baridi. Je, kimerudi ndani kabisa? Mara nyingi ugonjwa wote ni hapo.

2. *Kable ya akseleratere.* Zima moteri. Mmoja akanyage pedali na kuachilia, mwingine aangalie kwenye karbiratere. Mkono unaovutwa na kable unapaswa kurudi wenyewe, haraka, mpaka mwisho. Ukirudi polepole, tafuta: vumbi, kutu, resori iliyochoka, ao gunia lililoingia chini ya pedali. Safisha, tia mafuta kidogo. Kable yenye nyuzi zilizokatika haitengenezwi, inabadilishwa.

3. *Hewa inayoingia kwa wizi.* Moteri inapaswa kuvuta hewa kupitia njia yake tu. Tiyo ya mpira ikipasuka, ao jointi chini ya karbiratere ikiachia, hewa inaingia pembeni na moteri inapanda. Washa moteri, sikiliza kama kuna sauti ya "psss". Kisha dondosha maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye tiyo na kandokando ya jointi, mbali na bujii na nyuzi za umeme. Pahali sauti ya moteri inabadilika, ndipo hewa inaingia. Usifanye jaribio hili na esanse hata siku moja: gari inaweza kuungua. Badilisha tiyo, kuifunga na sashe hakudumu.

4. *Visi ya ralanti.* Kama yote ni mazuri, sasa ndiyo zamu yake. Andika ilikuwa wapi. Izungushe robo ya mzunguko, ngoja, sikiliza. Kwa kawaida kuifungua kunashusha sauti. Moteri nyingi za silinda 4 zinatulia kati ya mizunguko 700 na 900 kwa dakika. Kama gari haina saa ya kuhesabu, tafuta sauti ya chini, iliyo sawa, isiyotetemeka, na moteri isizimike ukiwasha taa.

Na gari ya mazutu?

Haina karbiratere. Angalia kable, na kama kuna kifungo cha gazi ya mkono, hakikisha kimerudishwa. Visi za pompi tuwaachie mafundi wa pompi.

Uamuzi ni wetu

Andikeni kwenye kaye ya gari: tarehe, kilichoonekana, feranga zilizotoka. Mwezi ujao mtajua kama ugonjwa ni mpya ao ni ule ule. Na tukubaliane jambo moja: kama kable inakwama, gari haitoki, hata kama ni siku ya soko na magunia yamekwisha kupakiwa. Nyanya zikioza tutalima zingine.

Maswali ya kuzungumza kwenye kikundi

- Gari yetu inalia namna gani ikisimama? Nani aliisikiliza mara ya mwisho?
- Mara ya mwisho fundi aligusa visi, aliangalia kable kwanza?
- Shofere wetu ana ruhusa ya kukataa safari kama gari haiko sawa? Nani atamtetea?